Tathmini ya huduma ya kupanga urithi wa kibanja: ofisi moja ya mawakili mjini Bukoba

Baba yetu ana umri wa miaka 79, na kibanja chake, yaani shamba la ukoo la migomba lenye nyumba ndani yake, kipo katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Ni ekari tatu hivi za migomba na kahawa ya robusta, pamoja na kipande cha rweya (ardhi ya nyasi iliyo nje ya migomba) kilichopandwa mikaratusi, ng'ombe wawili, nyumba ya bati, na makaburi ya babu na bibi. Tumezaliwa watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Mimi ndiye wa kwanza, nafanya kazi Mwanza, na kwa mila za Wahaya ndiye ambaye angetarajiwa kuwa musika, yaani mrithi mkuu. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba anayetoa tathmini hii hakuwa mtazamaji tu, bali mtu aliyekuwa na maslahi yake katika kila karatasi iliyoandikwa.

Mwezi Julai 2024 tuliiajiri ofisi ya mawakili iliyopo Bukoba mjini, ambayo hutangaza huduma inayoitwa kupanga urithi wa ardhi ya familia. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya dosari nitakazozieleza zilirekebishwa, na kwa kuwa nimezungumza na jamaa waliohudumiwa na ofisi nyingine nikagundua kwamba wanauziwa kitu kilekile. Ada ilikuwa shilingi 900,000, iliyolipwa kwa awamu tatu, nauli ya wakili na mpimaji ikiwa juu yetu. Kwa malipo hayo tuliahidiwa mambo manne: kikao cha familia kitakachoongozwa na wakili, uhakiki wa mipaka na maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila, wosia ulioandikwa kwa kufuata sheria, na utunzaji wa wosia huo.

Uhakiki wa mipaka ndio uliofanyika kwa uangalifu kuliko yote, nami nausifu bila kusita. Mpimaji alifika asubuhi na kifaa cha mkononi cha GPS, lakini hakukiwasha mpaka majirani wote wanne wanaopakana nasi, mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wawili wa halmashauri ya kijiji walipokuwa wamefika. Kisha alimwomba Baba atangulie. Mzee alitembea polepole akiigusa milamula, yaani miti ya mpakani, mmoja baada ya mwingine, akieleza ni nani aliyeupanda na katika ugomvi gani, maana kwetu mti huo haupandwi mpakani kama pambo: jina lake lenyewe linatokana na kuamua. Sehemu mbili milamula ilikuwa imekufa, na jirani wa upande wa bondeni alikuwa na maelezo yake tofauti kuhusu mstari ulipopita. Mpimaji hakujaribu kuwa hakimu. Aliandika kwamba hatua kumi na nne za mpaka zina mgogoro, akawaacha wazee wazungumze, na baada ya saa moja na vikombe kadhaa vya rubisi, pombe ya ndizi, jirani yule akakubali jiwe la zamani liwe alama. Majirani walitia saini fomu palepale. Ndugu zangu wadogo, ambao hawakuwahi kuuzunguka mpaka wote, waliujua kibanja chao siku hiyo kwa miguu, na ningekuwa tayari kulipa ada yote kwa ajili ya asubuhi ile pekee.

Kosa la kwanza lilijitokeza pale ramani ilipochorwa. Ofisi ilikijumuisha kipande cha rweya chote, takriban ekari mbili, kana kwamba ni mali ya Baba, ilhali sehemu yake ya juu ni malisho ambayo kijiji kizima hukata nyasi za kutandaza migombani. Mikaratusi yetu imepandwa upande wa chini tu. Aliyeligundua kosa hilo ni afisa mtendaji wa kijiji, wala si wakili, na lingempita tungejikuta mbele ya baraza tukidaiwa kupora ardhi ya watu wote. Mtu anayefanya kazi hii Kagera hana udhuru wa kutojua tofauti ya kibanja na rweya. Kibanja ni cha mtu na ukoo wake, lakini rweya ina historia ya kutumiwa kwa pamoja, na siku hizi, kwa jinsi mikaratusi na misonobari inavyozidi kupandwa, ndipo migogoro mingi inapoanzia.

Kikao cha familia kiliongozwa na wakili mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Kanda ya Ziwa, ambaye alimwamkia Baba kwa heshima zote, akapokea kahawa za kutafuna kama mgeni anavyopaswa, na hakutoa karatasi mkobani kabla ya kuambiwa karibu. Swali lake la kwanza halikuhusu watoto. Aliuliza, "Mzee, siku usipokuwepo, Mama ataishi wapi na atakula nini?" Kimya kilichofuata kilitufundisha kwamba sote watano tulikuja tukifikiria mafungu yetu, na hakuna aliyekuwa amelifikiria fungu lake Mama. Wakili alieleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuiuza au kuigawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kwamba ni busara wosia uanze na haki ya Mama kukaa katika nyumba hiyo na kulima migomba inayoizunguka kwa maisha yake yote, ndipo mambo ya watoto yafuate. Hilo liliandikwa, na limebaki kuwa aya ya kwanza.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Wakili alikuwa na rasimu aliyoiandaa ofisini, na rasimu hiyo ilikigawa kibanja katika vipande vitano vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa na zaidi kidogo ya nusu ekari, vimepangwa kama vipande vya mkate kutoka barabarani hadi bondeni. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini kibanja hakifanani pande zote, na mtu aliyekulia ndani ya migomba analijua hilo hata akiwa amefumba macho: ardhi iliyo karibu na nyumba imelishwa samadi na nyasi kwa miaka sitini, na mkungu wake humlemea mtu mzima, ilhali ile ya pembezoni hutoa ndizi zinazobebwa na mtoto. Mstari wa pili wa mchoro ulipita katikati ya makaburi. Kipande cha nne hakikuwa na njia ya kufika kisimani. Tena nusu ekari ya migomba na kahawa haiwezi kulisha kaya na kubaki na cha kuuza, kwa hiyo kugawa sawa kwa namna ile kulikuwa ni kukimaliza kibanja kwa amri ya mwenye kibanja mwenyewe.

Aliyesema hivyo, kwa sauti ya chini, ni mdogo wangu wa tatu, mwanamke. Alirudi nyumbani miaka tisa iliyopita baada ya ndoa yake kuvunjika, na tangu hapo ndiye anayekata majani, anayeng'oa mashina yenye mnyauko na kuchoma kisu chake motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na ndiye anayeanika kahawa. Wakili alimsikiliza, ila mwanzoni alimjibu kama mtu anayemfariji. Alimhakikishia kwamba sheria inamlinda, kwamba kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, na kwamba hata kabla ya sheria hiyo kulikuwa na kesi maarufu iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba hapahapa. Katika kesi hiyo Holaria Pastory, aliyerithishwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, aliiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake akashtaki akidai kwamba mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki ileile ya kuuza aliyonayo mwanamume. Maelezo hayo ni sahihi na yalitolewa vizuri. Hata hivyo mdogo wangu hakuwa ameuliza kama anaweza kuuza. Alikuwa ameuliza kama ataweza kuendelea kulima.

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa huduma hii, na nadhani ni udhaifu wa huduma zote za aina hii, kwa jinsi zilivyobuniwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni kesi za mirathi. Wameona familia nyingi zikigombana baada ya mazishi, kwa hiyo wanachouza ni kinga dhidi ya siku ya kifo. Shamba, kwa upande wake, huanza kuharibika mapema zaidi, wakati mwenyewe angali hai na hakuna anayejua litakuwa la nani. Kahawa zetu nyingi zilipandwa na babu. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kipo Maruku, si mbali sana nasi, na miche bora ya robusta inapatikana, lakini mche wa kahawa unakaa takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kukupa mavuno ya maana. Nani atapanda miche mia mbili mahali ambapo huenda kaka yake akajenga nyumba ya kupangisha kabla haijazaa? Mdogo wangu hakupanda. Alipogoa kahawa za zamani, akazitunza alivyoweza, akasubiri. Miaka tisa ya kusubiri namna hiyo ni hasara ambayo hakuna wosia unaoirudisha, na katika maswali yote ya fomu ya ofisi ile, yaliyojaa kurasa sita, hapakuwa na hata moja lililouliza ni nani anayelima sasa.

Tulipomweleza hayo wakili alikubali kuirudisha rasimu, na kwa haki ni lazima niseme kwamba hakudai malipo ya ziada. Kikao cha pili kilichukua siku nzima. Mpango uliotoka humo unaiacha sehemu ya katikati, takriban ekari mbili, bila kukatwa, iwe ya mdogo wangu wa tatu na kitinda mimba wetu ambaye ameamua kurudi kijijini. Upande wa barabarani umetengwa kwa viwanja vitatu vya kujenga kwa ajili yetu tunaoishi mbali. Na mikaratusi, ile ya upande wa chini tu, itavunwa na sisi watatu. Mimi nimeachiwa uangalizi wa makaburi na kiti cha Baba. Sikuufurahia mpango huo siku ile. Baadhi ya baba zetu wadogo walifikiri nimeporwa, na mmoja wao aliondoka kabla ya chakula. Kuna pia sharti kwamba yeyote kati yetu akitaka kuuza fungu lake atawaarifu kwanza ndugu zake kwa maandishi na kuwapa miezi sita ya kulinunua. Wakili alisisitiza, na nadhani alifanya vyema, kwamba sharti hilo litufunge sote watano kwa maneno yaleyale, kwa kuwa sharti linalowafunga wanawake peke yao lisingesimama mahakamani.

Rasimu ya kwanza ya wosia ililetwa kwa Kiingereza. Nililiona jambo hili kuwa la kustaajabisha kuliko yote, kwani Baba anasoma Kiswahili kwa taabu na Kihaya kwa kutumia Biblia, mahakama za mwanzo huendesha shughuli zake kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini. Tulipolalamika tulipewa tafsiri baada ya wiki mbili, nayo ilikuwa na sentensi ambazo hata mimi nilizisoma mara tatu. Hatimaye wakili mwenyewe aliketi na Baba, akamwomba aseme kwa maneno yake, akaandika alivyosema. Nakala hiyo ya tatu ni fupi kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo Mzee huitambua kuwa ni yake anaposomewa.

Kuhusu mashahidi ofisi ilijua kazi yake. Kanuni za mila za mirathi zilizotangazwa mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali Namba 436, zinataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, na wa asiyejua ushuhudiwe na wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kwa kuwa mtu angeweza kubishana baadaye kama Baba anajua kusoma au hajui, wakili alichagua wanne, na Mama naye akatia saini kando yao. Alihakikisha kwamba hakuna hata mmoja wa wanne hao aliyekuwa mrithi. Alieleza pia, polepole na kwa mifano, jambo ambalo huzivuruga familia nyingi: kwamba msimamizi wa mirathi si mmiliki wa mirathi. Nimeteuliwa kuwa msimamizi, na nimeambiwa mbele ya wadogo zangu kwamba nikiteuliwa na mahakama ya mwanzo nitatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Namba V, ndani ya miezi minne, kisha mahesabu katika Fomu Namba VI, na kwamba kuichelewesha kazi hiyo kwa miaka, kama ilivyo desturi ya wasimamizi wengi, ni kosa wala si hekima ya mtoto mkubwa.

Yapo mawili ambayo ofisi haikuyagusa kabisa. La kwanza ni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, katika kifungu cha 22, inaruhusu hakimiliki ya kimila kutolewa kwa familia, wala si kwa mtu mmoja tu. Nilielezwa hivyo na afisa mtendaji yuleyule aliyegundua kosa la rweya. Nilipomuuliza wakili alikiri mara moja kwamba inawezekana, akaeleza ubaya wake: kila uamuzi utahitaji ridhaa ya wengi, na mjukuu aliye Dar es Salaam anaweza kukwamisha hata uamuzi wa kung'oa kahawa. Tulikubaliana naye, na hati imeombwa kwa jina la Baba. Hata hivyo jambo hilo lilistahili kuwekwa mezani katika kikao cha kwanza, tukalikataa kwa kulijua, badala ya kulisikia wakati maombi yameshajazwa.

La pili ni makabidhiano ya shughuli zenyewe. Kahawa yetu huuzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, na mwanachama ni Baba. Malipo huingia kwa jina lake, na mdogo wangu, baada ya kuvuna na kuanika, humwomba fedha ya vibarua kama mtoto wa shule anavyoomba nauli. Wosia haubadilishi hilo mpaka Mzee afe. Tulilifanya wenyewe, bila wakili, kwa kwenda kwa karani wa chama pamoja na Baba na kumwombea binti yake uanachama wake mwenyewe. Shughuli ilichukua sehemu ya asubuhi moja. Msimu uliofuata alipeleka kahawa kwa jina lake kutoka katika nusu ya kibanja, na mwezi Novemba, mvua za vuli zilipokolea, akapanda miche themanini. Ofisi inayojiita ya kupanga urithi ingeweza kutushauri hayo kwa sentensi mbili.

Kwa anayefikiria kutumia huduma ya namna hii, ushauri wangu ni kwamba aitumie, lakini asiingie akiwa mikono mitupu. Aulize tangu mwanzo kama rasimu zitaandikwa kwa Kiswahili. Amtake mpimaji azungumze na serikali ya kijiji kabla ya kuchora chochote kilicho nje ya migomba. Akatae mgawanyo wowote uliochorwa na mtu ambaye hajatembea ndani ya shamba. Asipokuwa na uwezo wa kulipa kiasi tulicholipa, ajue kwamba hati ya kimila huombwa moja kwa moja kwa halmashauri ya kijiji, mradi kijiji kina cheti cha ardhi yake, na kwamba RITA, wakala wa serikali unaoshughulikia usajili, ufilisi na udhamini, husaidia kuandika wosia na kuutunza. Kinachobaki kulipiwa kwa wakili ni uwezo wa kuketi na familia yenye hofu na kuuliza maswali ambayo wenyewe hawathubutu kuulizana, na wakili wetu alikuwa nao, ijapokuwa ofisi yake haijauona kuwa ndio bidhaa yake kuu.

Kwa uhakiki wa mipaka ningewapa alama tisa kati ya kumi, kwa wosia saba, na kwa rasimu ile ya vipande vitano, alama mbili tu, nazo ni kwa sababu waliikunja bila kubishana. Muda walioahidi ulikuwa miezi mitatu, nao umepita zamani. Wosia umehifadhiwa ofisini kwao, na nakala ipo ndani ya sanduku la Baba pamoja na vitabu vyake vya kahawa. Awamu ya tatu ya ada sijailipa. Nimewaandikia kwamba nitaimaliza siku watakapomkabidhi mtendaji wa kijiji ramani iliyosahihishwa, isiyo na rweya ya watu.